Harufu Imeisha, Sumu Je?

Mwezi uliopita tulikuwa na kipindi cha afya kwenye shule moja ya sekondari. Mada ilikuwa maji safi. Tulipofika kwenye maswali, msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama kule nyuma akasema: "Dada, sisi nyumbani tuna bustani ya mchicha na matembele. Juu yake kuna gereji. Mvua kubwa ikinyesha, oili chafu inateremka mpaka kwenye matuta. Mama anasema tusiogope, baada ya wiki mbili tatu harufu inaisha, kwa hiyo na mafuta yameisha. Ni kweli?"

Wenzake wakacheka, si unajua tena darasa. Mimi sikucheka. Kengele ilikuwa imeshagonga, nikamjibu kwa kifupi tu kwamba si kweli. Lakini swali lile halitaki jibu la kifupi, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Kaa hapa pembeni, mpenzi msomaji, tulisome pamoja.

Pua ni kipimo kibovu

Mafuta ya petroli, dizeli au oili ya injini si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali mamia kwa mamia, nyingi zikiwa ni zile haidrokaboni unazozisoma kwenye kemia. Zile nyepesi zinaruka hewani haraka, na hizo ndizo pua inazozinusa. Zile nzito zinabaki. Zinang'ang'ania kwenye chembe za udongo, hasa udongo wa mfinyanzi na ule wenye mboji nyingi, na zinaweza kukaa humo miaka. Kwa hiyo harufu ikiisha, maana yake ni kwamba kilichokuwa kinaruka kimekwisha kuruka. Basi.

Na hata hicho chepesi si lazima kiwe kimeruka chote. Kingine kimezama na maji ya mvua kwenda chini, kuelekea kisimani. Humo ndimo iliko benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za benzini kwa lita. Mikrogramu 10 kwa lita ni kitu kidogo mno, huwezi kukiona wala kukionja.

Udongo wenyewe nao unaumwa. Mafuta yanazifunika chembe, hewa haipenyi, maji yanateleza juu badala ya kuzama. Halafu kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: wako bakteria wa udongo wanaokula mafuta. Ni habari njema, lakini wanapokula hiyo kaboni yote wanahitaji pia naitrojeni, na naitrojeni wanainyang'anya kutoka hapo hapo kwenye udongo. Mahindi yako yanabaki na njaa. Majani yanageuka njano, na mwenye shamba anasema mbolea aliyouziwa ni feki.

Ogoni: pale "pameshasafishwa"

Kama unadhani natia chumvi, twende Nigeria, kwenye jimbo la Rivers, nchi ya Waogoni. Ni wakulima na wavuvi. Mafuta yalichimbwa kwao kwa miongo kadhaa na mabomba yakapita katikati ya mashamba. Mwandishi Ken Saro-Wiwa aliyewaongoza kudai haki yao alinyongwa na serikali ya kijeshi tarehe 10 Novemba 1995, pamoja na wenzake wanane.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wake huko. Wataalamu walichukua sampuli zaidi ya 4,000 za udongo na maji. Sehemu iitwayo Nisisioken Ogale walikuta watu wanakunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kile nilichokutajia. Sehemu nyingine, Ejama-Ebubu, mafuta yalikuwa yamemwagika miaka 40 nyuma, pakajaribiwa kusafishwa zaidi ya mara moja, na bado udongo ulikuwa umechafuka vibaya.

Lakini mimi kilichonishtua zaidi ni kitu kingine. UNEP walikwenda kwenye maeneo 15 ambayo kumbukumbu za kampuni ya mafuta zilionyesha kuwa kazi ya kusafisha imekwisha. Katika hayo 15, maeneo 10 bado yalikuwa na uchafu uliozidi kiwango kilichowekwa. Juu ya karatasi ni safi, mkulima keshaambiwa arudi alime, na mihogo keshapanda.

Na usiseme hayo ni ya Nigeria. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba huko Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, yakaingia mtoni na kwenye mashamba. Wakazi walikwenda mahakamani, na hukumu ya kuwalipa fidia ilitolewa mwaka 2025. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Tanzania nako bomba la TAZAMA la kwenda Zambia lilianza kazi mwaka 1968, na njia ya bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake ziko ndani ya Tanzania. Sisemi yatavuja. Nasema anayelima karibu na bomba, gereji, kituo cha mafuta au jenereta anastahili kujua namna ya kuuliza udongo wake.

Tatizo la maabara

Njia ya kawaida ni kupeleka udongo maabara. Huko wanauosha kwa kemikali kali inayong'oa mafuta yote, wanaupitisha kwenye mashine, unapata namba: miligramu kadhaa za mafuta kwa kilo moja ya udongo. Ni kipimo kizuri, na ukitaka kwenda mahakamani lazima uwe nacho. Lakini ni ghali, kinachukua muda, na shamba moja linataka sampuli nyingi, siyo kikopo kimoja.

Halafu kuna shida ya pili, na hapa naomba usome polepole. Ile kemikali kali ya maabara inang'oa mafuta ambayo mzizi wa mchicha au tumbo la nyungunyungu haliwezi kuyang'oa. Mashamba mawili yanaweza kuwa na namba ile ile, moja likaua mimea na lingine lisiue, kwa sababu kwenye lile la pili mafuta yameshikiliwa sana na udongo. Na kinyume chake kinatokea pia: bakteria wanapoyavunja mafuta, namba inashuka, lakini vipande vinavyotokea katikati ya safari vinaweza kuwa na sumu kuliko mafuta yenyewe, kwa muda. Namba inakwambia mafuta ni kiasi gani. Haikwambii moja kwa moja yanamgusa kiumbe hai kiasi gani.

Ukitaka kujua hilo, muulize kiumbe hai mwenyewe. Ndipo inapoingia bayosensa.

Bayosensa ni nini?

Ni kipimo chenye sehemu mbili. Ya kwanza ni kitu chenye uhai, au kilichotoka kwenye uhai: bakteria, kimeng'enya, kingamwili. Hiki ndicho kinachohisi. Ya pili ni kifaa kinachogeuza hisia hiyo kuwa kitu unachoweza kukisoma, kama mwanga, rangi au umeme. Ile mashine ndogo ya kupimia sukari kwa wagonjwa wa kisukari ni bayosensa: kwenye kile kikaratasi kuna kimeng'enya kinachokutana na sukari ya damu, umeme kidogo unatokea, namba inatokea. Kama bibi yako anapima sukari, basi bayosensa unayo nyumbani.

Za mafuta kwenye udongo mara nyingi hutumia bakteria wanaotoa mwanga. Wako wa aina mbili, na ukizichanganya utachemsha kwenye mtihani: kuna anayezima taa na kuna anayewasha taa.

Anayezima taa anaitwa Aliivibrio fischeri. Ni bakteria wa baharini. Wengine wa jamii yake huishi ndani ya ngisi mmoja mdogo wa Hawaii, wakimpa mwanga usiku ili kivuli chake kisionekane na samaki walio chini yake. Mwanga wake ni kama wa kimulimuli, unatengenezwa kwa kimeng'enya kiitwacho lusiferesi. Bakteria akiwa mzima, anang'aa. Akitiwa sumu, mwili wake unayumba na taa inafifia. Kwa hiyo wataalamu wanachukua udongo, wanautikisa na maji, wanaweka bakteria ndani, na baada ya dakika 5, 15 au 30 wanapima mwanga umepungua kiasi gani. Kadiri unavyozimika, ndivyo sumu ilivyo kali. Kipimo hiki kimetumika kwa zaidi ya miaka 40, na bakteria wake huuzwa wakiwa wamekaushwa, unawaamsha kwa maji.

Ubaya wake? Anazima taa kwa sumu yoyote. Shaba itamzima, dawa ya kuua wadudu itamzima. Hata maji meusi ya udongo yanaweza kuuficha mwanga ukadhani umezimika. Ni kama mtoto anayelia: unajua kuna kitu, hujui ni tumbo au sikio.

Anayewasha taa ni mwerevu zaidi, ila huyu ametengenezwa. Bakteria wengi wa udongo wanaokula mafuta hawatengenezi vimeng'enya vya kulia mafuta muda wote, maana ni kupoteza nguvu. Wana swichi kwenye jeni zao. Kemikali fulani ikiingia ndani, swichi inawashwa na jeni za kula zinaanza kazi. Wanasayansi wakajiuliza: tukifunga taa kwenye swichi hiyo hiyo, itakuwaje? Wakachukua jeni za mwanga kutoka kwa yule bakteria wa baharini wakaziunganisha na swichi ya bakteria wa udongo. Mafuta yakija, anawaka.

Mfano maarufu ni Pseudomonas fluorescens HK44, aliyetengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, na kutangazwa mwaka 1990. Huyu anawaka akikutana na naftalini. Unaijua naftalini: ni zile pipi nyeupe zinazowekwa kabatini kwenye nguo ili kufukuza wadudu. Imo pia ndani ya mafuta ya petroli na ya dizeli. Mwaka 1996 HK44 aliwekwa kwa kibali kwenye matangi makubwa ya udongo huko Oak Ridge, Tennessee, na vifaa vya kunasa mwanga vikafukiwa humo humo ili kuona kama bakteria anafanya kazi nje ya maabara. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kuruhusu bakteria aliyebadilishwa jeni kutolewa nje kwa kazi ya kusafisha udongo. Baadaye wengine wametengenezwa wanaohisi oktani, tolueni na kemikali nyingine za mafuta.

Usinielewe vibaya, huwezi kwenda dukani ukanunua HK44 ukamwaga shambani kwenu. Bakteria waliobadilishwa jeni wana sheria zao, na ni sawa ziwepo. Matumizi yaliyo salama zaidi ni kumweka bakteria ndani ya kichupa, unamletea udongo, akishajibu unamuua kwa joto. Na bado havifuti maabara. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kuchagua: una shamba la ekari kumi na pesa za kupima sampuli nne. Bayosensa inapita kwanza mahali pengi kwa bei ndogo, inakuonyesha sehemu nne zinazostahili hizo pesa.

Vipimo hai ambavyo shule yako inavyo

Vichupa vya bakteria huna. Mbegu na nyungunyungu unao. Kwa ukali wa maneno hizi si bayosensa, kwa sababu hazina kile kifaa cha pili, lakini kanuni ni ile ile: kiumbe hai ndiye anayejibu. Na vipimo vya aina hii vimo kwenye miongozo ya kimataifa ya kupima udongo.

Fanya na mwalimu wako wa biolojia. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, usinuse udongo kwa karibu, na kamwe usiwashe kiberiti "kuona kama utashika". Chukua udongo unaoushuku, na udongo wa aina ile ile kutoka mahali palipo mbali na mafuta. Huo wa pili ndio wa kulinganishia, na bila huo jaribio lako halina maana hata kidogo. Jaza makopo matatu kwa kila udongo, panda maharage 10 kila kopo, maji sawasawa, jua sawasawa.

Hapa nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilihesabu mbegu siku ya tano, nikaona zimeota karibu zote pande zote mbili, nikatangaza udongo uko salama. Kumbe mbegu ya harage inakuja na chakula chake ndani, inaweza kuota hata mahali pabaya. Mizizi ndiyo inayosema. Nilipoing'oa miche siku ya 14, ya udongo wa kulinganishia ilikuwa na mizizi mirefu yenye matawi, ya udongo wa mafuta ilikuwa mifupi, minene, imejikunja. Kwa hiyo subiri wiki mbili, hesabu iliyoota, pima urefu wa shina, na pima mzizi mrefu kuliko yote kwa rula.

Tuseme kwenye udongo wa kulinganishia zimeota 27 kati ya 30, na kwenye ule unaoushuku 12. Usigawe 12 kwa 30. Gawa 12 kwa 27, zidisha kwa 100, unapata asilimia 44. Fanya hivyo hivyo kwa wastani wa mizizi.

Nyungunyungu ni wa haraka zaidi. Chukua beseni, tenga katikati kwa kipande cha boksi, upande mmoja udongo safi, mwingine ule unaoushuku, unyevu sawa. Ondoa boksi, weka nyungunyungu 10 wakubwa kwenye mstari wa katikati, funika kwa kitambaa chenye vitundu. Baada ya saa 48 rudisha boksi, hesabu kila upande. Rudia mara tano ukitumia nyungunyungu wengine, maana kumi peke yao wanaweza kukudanganya. Kama kwa wastani zaidi ya wanane kati ya kumi wamekimbilia upande safi, udongo ule haufai kuwa makazi yao. Nyungunyungu hana elimu, lakini ngozi yake yote ni ya kuhisi, na inapumua.

Kumbuka udongo wa gereji una risasi na asidi za betri pia. Jaribio likisema "kuna tatizo" halijasema "ni mafuta". Hapo ndipo unapoandika matokeo yako vizuri, na jedwali, na ramani ya mahali ulipochukua udongo, unampelekea bwana shamba au afisa afya wa kata. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo ya hatua inayofuata.

Sasa wewe dada wa matembele

Matuta yanayopokea maji ya gereji yasiliwe kwa sasa, hasa matembele, ambayo majani yake yanatambaa chini na kushika udongo. Kemikali nzito za mafuta hazipandi sana kupitia mzizi kwenda kwenye jani. Zinafika kinywani zaidi kwa vumbi na matope yaliyoganda juu ya mboga, na kwenye ganda la mboga za mizizi kama karoti. Kuosha kunasaidia, hakumalizi. Hamishieni bustani upande wa juu, au chimbeni mtaro wa kuyakatiza maji ya gereji yasifike kwenye matuta, ila usielekee kwa jirani. Kama kuna kisima chini ya hapo, hicho ndicho cha kupimwa kwanza, kabla ya mchicha. Kuyachemsha maji ya kisima kunaua vijidudu tu, kemikali nzito za mafuta zinabaki, kwa hiyo maji ya kunywa yatafutwe kwingine mpaka majibu yatoke. Na mdogo wako asicheze pale peku.

Mama usimwambie amekosea. Mwombe makopo sita.

Maswali ya kujadili darasani

1. Udongo umepimwa kwa Aliivibrio fischeri, mwanga ukapungua kwa nusu. Kwa nini huwezi kusema moja kwa moja kwamba kuna dizeli? Utafanya kipimo gani kingine?

2. Shamba lilikuwa na miligramu 9,000 za mafuta kwa kilo ya udongo. Baada ya miezi sita ziko 4,000, lakini nyungunyungu wanalikimbia kuliko mwanzo. Eleza inawezekanaje.

3. Kwenye kijiji chenu, nani mwenye haki ya kutamka kwamba shamba lililomwagikiwa mafuta sasa ni safi, na angetakiwa kuwaonyesha nini kabla hamjapanda?